Podikasti ya Tyler Cowen: nyota nne, na ya tano nimeikalia

Nianze na hukumu ili asiye na muda aondoke nayo: Conversations with Tyler ni podikasti nzuri, ni ya bure, na inamfaa yeyote anayependa kusikia watu wenye akili wakiulizwa vitu ambavyo hawakujiandaa kuulizwa. Naipa nyota nne. Ya tano nimeikalia kwa sababu ntazozisema huko chini, na najua kuna mdau atakuja kuniambia nampigia debe mzungu wa soko huria, mkuu subiri nimalize kwanza ndo utukane.

Kwa wasiomjua, Tyler Cowen ni profesa wa uchumi pale George Mason University, Virginia, Marekani. Kipindi alikianza 2015 chini ya Mercatus Center, kituo cha utafiti cha chuo hichohicho chenye mrengo wa soko huria (hawafichi), na mpaka sasa zimetoka zaidi ya 200, moja kila baada ya wiki mbili hivi, nyingi karibu saa nzima. Wageni ni mchanganyiko ambao binafsi sijaukuta kwingine. Margaret Atwood mwandishi yupo, Garry Kasparov wa chesi yupo, Martina Navratilova wa tenisi, Noam Chomsky mwanaisimu, Daniel Kahneman mwanasaikolojia ambaye alifariki 2024, wanauchumi wa Nobel wa kumwaga, na kuna ile na Fuchsia Dunlop bingwa wa mapishi ya Kichina ambayo wameirekodi mgahawani wanakula huku wanaongea, usiisikilize una njaa maana ndo utajua kwamba chipsi yai zako hazitoshi.

Ila kilichonikamata sio majina. Majina makubwa hata redio za hapa mjini zinayapata, akija mtu mkubwa Dar kesho yake asubuhi yuko studio. Kilichonikamata ni maswali. Huyu mzee haulizi "tuambie kwa ufupi historia yako", haulizi "changamoto gani umepitia". Anaingia tu, swali la kwanza tayari liko katikati ya mada, na mgeni asiyekuwa macho anaachwa kituoni. Na ameshasema wazi mara nyingi tu kwenye kipindi kwamba haya ni maongezi anayotaka yeye, sio yale unayoyataka wewe msikilizaji. Mwanzo niliona dharau hiyo. Baadae nikaelewa ndo uhai wa kipindi chenyewe, maana mtu anayeuliza anachotaka kujua kweli lazima awe amesoma, huwezi kutaka kujua kitu ambacho hujui kama kipo. Chukua ile na Kareem Abdul-Jabbar. Huyu ni mtu aliyeshika rekodi ya pointi za NBA kuanzia 1984 mpaka LeBron James alipoivunja 2023, pointi 38,387, kwa hiyo mtangazaji yeyote angekaa hapohapo kwenye vikapu mpaka muda uishe. Cowen anampeleka Harlem, ubaguzi wa shule, Uislamu, jazi. Unamsikia mzee Kareem sauti inabadilika kabisa, kama vile muda mrefu alikuwa anasubiri mtu amuulize hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote lakini ni ile na Sam Bankman-Fried, yule dogo wa kripto, ya mwezi wa tatu 2022. Kipindi kile dogo alikuwa juu kweli, kila anayemhoji anamuuliza umetajirikaje na utatoaje misaada, basi. Cowen akamuuliza swali la kamari. Tuseme unapewa mchezo: asilimia 51 unashinda na dunia inakuwa mara mbili, yaani inapatikana nyingine kama hii sehemu fulani huko, asilimia 49 unaliwa na kila kitu kinapotea, watu wote, kwisha habari. Unacheza? Na ukishinda unacheza tena, na tena, na tena? Dogo akaweka masharti yake kidogo ya kihesabu ila jibu likawa ndio, anacheza. Cowen akambana, sasa ukiendelea hivyo si mwisho wake hatubaki na chochote? Na yeye akajibu kwa utulivu kabisa kwamba sio lazima, inawezekana pia ukaishia kwenye kitu chenye thamani kubwa ajabu.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kukaa na vijana wa mikeka pale Manzese analijua hilo jibu, ameshalisikia mara mia. Piga hesabu mwenyewe, 0.51 zidisha kwa yenyewe mpaka zitimie kumi, unabaki na nafasi moja kati ya kama 840 ya kushinda mara kumi mfululizo. Dogo wa kijiweni anayepanga mechi kumi kwenye mkeka mmoja na yeye anakuambia "broo huu unatiki", tofauti ni kwamba yeye ameweka buku yake mwenyewe. Huyu mwingine alikuwa amekalia hela za wateja. Novemba mwaka uleule FTX, soko lake la kripto, ikafilisika, Novemba 2023 akakutwa na hatia ya utapeli, Machi 2024 akapigwa miaka 25. Sisemi Cowen alijua, hakujua, ukisikiliza hakuna hata chembe ya kumshuku. Nachosema ni kwamba swali lile la ajabu, ambalo ofisini kwetu ungeliuliza ungeambiwa acha utoto, lilimfungua mtu kuliko mahojiano yote ya heshima aliyofanyiwa mwaka ule, na limebaki pale mtandaoni neno kwa neno, nenda kasikilize ukiwa unajua mwisho wake, nywele zinasimama.

Halafu kuna kale kamchezo kake maarufu: anakutajia kitu, mtu, kitabu, mji, chakula, unamwambia kinapewa sifa kuliko kinavyostahili au kinanyimwa sifa zake. Wageni wengine wanakwepa kistaarabu, wengine wanajiachia mpaka wanajutia. Tumeuiba huu mchezo kazini kwetu saa ya chai na nakuhakikishia unagombanisha watu. Mihogo ya Coco Beach mimi nimesema inasifiwa mno, unalipia upepo, dada mmoja wa uhasibu hajanisemesha vizuri mpaka leo.

Mwishoni huwa anamuuliza mgeni siri ya kazi yake, yaani wewe ulivyo hivi inatokana na nini, unafanyaje kazi kila siku. Hapa majibu ni ya kawaida mara nyingi. Wanasoma sana, wanaamka mapema, sawa.

Kitu ambacho kwa sisi wa huku kina thamani hata kuliko sauti, na ndo sababu hasa ya nyota nne, ni maandishi. Kila kipindi kwenye tovuti yao kina transkripti nzima, kila neno, bure, tena na viungo vya vitabu na makala zinazotajwa. Watu wanaona kitu kidogo hiki. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, nilikipata darasani na nikakimalizia kwenye muvi, kwa hiyo profesa wa Oxford akianza kumeza maneno mimi nabaki nacheka pale wanapocheka. Na transkripti narudi, nasoma ile sehemu taratibu, nashika jina la kitabu, natafuta. Alafu bando. Saa moja ya sauti inaweza kula MB 50 au 60 hivi, maandishi yanakula karibu na bure, ukiwa huna kitu mwisho wa mwezi bado unasoma. Siku hizi mtindo wangu ni nasoma kwanza nikiwa na wifi ya ofisini, nikiona ni kali ndo nadaunlodi sauti ya kusikiliza njiani, na njia ya Tegeta mpaka mjini kama mnavyoijua jioni inamaliza podikasti moja na ya pili unaigusa kabla hujafika Mwenge.

Haya tuje kwenye ile nyota ya tano.

Kwanza spidi. Huyu mzee anaruka. Swali la uchumi wa Uswidi, jibu, swali la muziki wa Brazili, jibu, swali la Biblia. Nilimpa shemeji yangu upande mmoja wa eafoni kwenye daladala, akasikiliza kidogo akanigeukia: "Shem, huyu mzee anakimbizwa na nani?" Sikuwa na jibu. Kuna mahali mgeni anatoa jibu zito kabisa, la kushangaza, unakaa vizuri kwenye siti ukisubiri lichimbwe, jamaa anasema sawa, swali linalofuata. Yaani amesoma sana mpaka ana maswali mengi kuliko muda, na kuliko kuacha swali moja bora aache jibu lining'inie. Ile na Bankman-Fried imekuwa tamu kwa sababu siku ile alifuatilia, alibana mara ya pili na ya tatu. Angefanya hivyo kila wiki nyota ya tano ningempa na ya sita ningeazima.

Ndo maana pia naipenda ile ya 2021 na Amia Srinivasan, mwanafalsafa wa Oxford, kuhusu ufeministi. Mama hakubali kuburuzwa. Cowen anatupa takwimu, mama anamuuliza hizo takwimu zinaonyesha nini hasa, anairudisha, hewa inakuwa nzito kidogo, hawakubaliani mpaka mwisho na hakuna anayejifanya wamekubaliana. Kuna watu wanaona ile ilikuwa mbaya eti hawakuelewana. Mimi naona maongezi ndo hayo, nyingine nyingi ni mtu na shabiki wake.

Tofauti na hiyo, ile ya 2023 aliyomhoji ChatGPT ikijifanya Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland aliyekufa 1745, niliimaliza kwa ubishi tu. Maswali mazuri sana, na majibu yamenyooka mno, kila kitu kina pande mbili, hakuna kinachokwaruza. Labda ndo lilikuwa lengo, kutuonyesha akili mnemba inafika wapi. Sawa tumeona.

Malalamiko ya pili ni makubwa zaidi kwangu. Afrika kwenye kipindi hiki inazungumzwa zaidi kuliko inavyozungumza. Esther Duflo yupo, Abhijit Banerjee yupo, wawili waliopata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer, na moja ya kazi zilizompa Kremer jina ni ile ya dawa za minyoo mashuleni iliyofanyika Busia, magharibi mwa Kenya. Mwanauchumi Jeffrey Sachs naye alikuwa kati ya wageni wa mwanzo kabisa, 2015. Sachs ndo yule wa Vijiji vya Milenia, mradi wa kupambana na umaskini vijijini Afrika, na kimoja kilikuwa hapahapa kwetu, Mbola, wilaya ya Uyui, Tabora. Nilifungua ile na Sachs hamu yangu yote ikiwa Mbola, nikakuta hoja mojawapo kubwa ni kwa nini Poland ilitoboa na Urusi ikakwama baada ya ukomunisti. Nzuri, nimejifunza, sikatai. Ila ukisikiliza nyingi mfululizo unaanza kuona kwamba ushahidi unatoka Busia na Uyui halafu kiti cha mgeni kinabaki Boston. Mwalimu wa shule ya Busia aliyegawa zile dawa anajua vitu ambavyo Nobel haijui, na hilo ni swali Cowen mwenyewe angelipenda sana, ndo maana inaniuma zaidi.

Nikisema hivi najua jibu litakalokuja: kwani sisi tunafanya nini? Swali zuri na ndo linanifanya niandike refu hivi.

Dar huu ndo mji ambao Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa anafundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya na Afrika kilitoka London na hapa Dar kwa pamoja, hapa kikitolewa na Tanzania Publishing House. Watu wazima waliokuwepo wanakuambia Ukumbi wa Nkrumah ulikuwa unajaa, watu wanasimama madirishani, wanabishana mpaka usiku. Tukaja kuwa na Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa cha chuo hichohicho, 2008, wa kwanza kukikalia Profesa Issa Shivji, na 2009 akaletwa Wole Soyinka mwenyewe, mwandishi wa Nigeria mwenye Nobel, kuhutubia palepale Mlimani. Kavazi la Mwalimu, yaani hifadhi ya nyaraka, lipo kwenye jengo la COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kijitonyama. TGNP, mtandao wa jinsia, kule Mabibo wamekuwa na semina zao za Jumatano miaka nenda rudi, kwa Kiswahili, unaingia tu unakaa unaongea, na ukitaka kusikia maswali magumu ya uchumi usiende kwa mwanauchumi, msikilize mama lishe anauliza bajeti ya maji imeishia wapi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba huku hakuna watu wa kufikiri wala pa kufikiria.

Tatizo letu ni mbili na zote Cowen kazitatua. Moja ni kumbukumbu. Unasikia wiki iliyopita kulikuwa na mjadala mkali mjini, unatafuta, unapata picha za watu wamesimama na bango na ukibahatika video ya saa tatu ambayo saa nzima ya kwanza ni utambulisho wa meza kuu na mic inagoma. Maandishi? Nani aandike. Kwa hiyo hoja nzuri iliyosemwa Jumatano inafia Jumatano, anayeishi Masasi au Kasulu haipati kabisa, na miaka mitano baadae mtu mwingine anasimama anaisema upya akidhani ni ya kwake.

Ya pili ni kujiandaa. Hapa sitataja mtu wala kituo maana ni ugonjwa wa wengi. Mgeni kaandika kitabu, mtangazaji kakishika mkononi kinang'aa, swali la kwanza: "kitabu chako kinahusu nini?" Ndugu yangu, kipo mkononi mwako! Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata Nobel ya fasihi 2021 sisi mitandaoni tukashikana mashati kuhusu uraia, ni wetu au ni wa Uingereza, turuhusu uraia pacha au tusiruhusu, na waliokuwa wamesoma hata riwaya yake moja ungewahesabu. Cowen alimhoji Emily Wilson, mwanamke aliyetafsiri Odisei ya Homer kwa Kiingereza, saa nzima ya neno hili kwa nini umeliweka hivi, mtumwa kwa nini umemwita mtumwa badala ya mjakazi. Nikawaza, Ida Hadjivayanis kaitafsiri riwaya ya Gurnah kwa Kiswahili, riwaya inayoongelea pwani hii hii yetu, misafara, watoto wanaowekwa rehani. Nani amkalishe saa nzima amuulize hivyo? Mimi ningelipia. Hata buku tano.

Kama unataka kulinganisha sokoni, kuna In Our Time ya BBC Radio 4, ipo toka 1998, Melvyn Bragg aliiongoza mpaka 2025. Ile ni maprofesa watatu na mada moja, leo mfalme fulani, kesho nyuki, hakuna kutangaza kitabu chako, na Bragg alikuwa hana aibu ya kumkatisha profesa anayezunguka. Ukitaka kuelewa kitu kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho nenda kule. Kwa Cowen huendi kuelewa kitu kimoja, unaenda kusikia kichwa cha mtu kinavyofanya kazi. Mimi nahitaji zote, ila nikiwa nimechoka jioni Cowen simuwezi, nalala na swali la tatu.

Na kuhusu siasa zake: ndio, ni mtu wa soko, wa ukuaji wa uchumi kwanza, na kuna wageni anawapelekea maswali laini kwa sababu wanafanana. Ukilelewa kwenye nyumba ambayo picha ya Mwalimu iko ukutani kuna sehemu utapiga mluzi. Lakini pia anawaita wasiokubaliana naye na anawaacha waongee, Chomsky alipewa nafasi yake, na sijawahi kumsikia akimdhalilisha mgeni. Anaudhi kwa hoja, sio kwa kelele. Nimezoea.

Pa kuanzia: Kareem kama unapenda michezo, Bankman-Fried kama una ndugu anayebeti, Emily Wilson kama unapenda lugha, Srinivasan kama unapenda ligi. Soma transkripti kwanza kama Kiingereza kinakusumbua, hakuna atakayekuona. Zile za wawekezaji wa Silicon Valley mimi naruka karibu zote siku hizi, wanafanana, wote wanataka kuishi miaka 150 na wote wanasoma kitabu kilekile.